Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumkinga Mgonjwa Aliyelazwa na Maambukizi ya Mpira wa Mkojo

Haya ni maswali yanayorudi kila siku wodini, kutoka kwa ndugu wanaouguza, wagonjwa wenyewe na wauguzi walioanza kazi juzi. Tukisema "mpira" tunamaanisha katheta, ule mrija laini unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu na kuachwa humo. Majibu yanamhusu zaidi mtu mzima aliyelazwa, ambaye mpira wake ni wa siku au wiki chache. Daktari anayemjua mgonjwa wako ndiye mwenye neno la mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Mpira unakaaje ndani bila kuchomoka?

Kwenye ncha yake kuna kiputo. Mpira ukishafika kibofuni na mkojo ukaanza kutoka, muuguzi hukijaza kiputo hicho maji yasiyo na vijidudu, mara nyingi mililita 10 kwa mtu mzima. Kikishavimba, mpira hauwezi kurudi nje. Aina hii huitwa "Foley" kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeitangaza katika miaka ya 1930. Upande wa nje mpira huungana na mrija unaoshuka hadi kwenye mfuko.

Ndiyo maana mpira hauvutwi tu ukatoka. Maji ya kiputo hunyonywa kwanza kwa bomba la sindano. Mgonjwa akiung'oa mwenyewe, tazama swali la 22.

2. Kama kila kitu kimefungwa, bakteria wanapita wapi?

Mtu anapokojoa, mkojo wenyewe huisafisha njia. Mpira ukiwekwa, usafishaji huo unakoma na mahali pake panabaki daraja kati ya nje na kibofu. Bakteria hupanda kwa njia mbili. Wengine hupita nje ya mpira, kati yake na ngozi ya njia ya mkojo. Wengine hupita ndani, wakitokea kwenye mfuko uliochafuka au kwenye kiungo (mahali mpira unapoungana na mrija) kilichofunguliwa. Wengi wao ni wa mgonjwa mwenyewe, kama vile *E. coli*, *Klebsiella* na *Enterococcus* wanaoishi utumbоni. Wengine huletwa na mikono yetu sisi wahudumu.

Wakishatua juu ya mpira hujenga utando unaonata, na ndani ya utando huo hujificha. Dawa haiupenyi vizuri, wala kinga ya mwili. Kwa hiyo maambukizi ya mpira ni magumu kuyamaliza kwa vidonge mpira wenyewe ukiwa bado umo.

Zamani mkojo ulitiririka kwenye chupa iliyo wazi chini ya kitanda, na ndani ya siku 4 hivi karibu kila mgonjwa alikuwa na bakteria kibofuni. Mfumo uliofungwa, ambao ulienea kuanzia miaka ya 1960, ulibadilisha hali hiyo. Kila mtu anayechomoa kiungo bila sababu anamrudisha mgonjwa kwenye enzi ya chupa.

3. Hatari inaanza lini, na ni kubwa kiasi gani?

Inaanza siku ya kwanza na kupanda kila siku. Kwa kila siku ambayo mpira umo, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mwezi ukiisha, karibu kila mwenye mpira anao. Kuwa na bakteria si sawa na kuugua (swali la 17), lakini sehemu ndogo ya wagonjwa hupata homa, na wachache bakteria wao huingia kwenye damu. Huko ndiko kwenye hatari ya kifo.

Kwa takwimu za Marekani, asilimia 15 hadi 25 ya wagonjwa wanaolazwa huwekewa mpira, na karibu asilimia 75 ya maambukizi ya mkojo yanayopatikana hospitalini yanahusiana nao. Mpira una madhara mengine pia: huchubua, hutoa damu, na humfunga mgonjwa kitandani wakati anatakiwa ainuke atembee.

## Je, mpira unahitajika kweli?

4. Ni wakati gani mtu anahitaji kuwekewa mpira?

Wakati mkojo umeziba na hauwezi kutoka, kama inavyotokea tezi dume ikivimba. Wakati mgonjwa ni mahututi na mkojo wake lazima upimwe kila saa ili matibabu yaongozwe na kipimo hicho. Katika baadhi ya upasuaji, hasa wa muda mrefu au wa njia ya mkojo na viungo vya jirani. Mgonjwa asiyetakiwa kusogezwa kabisa, mfano aliyevunjika uti wa mgongo au nyonga. Mwenye kidonda wazi karibu na makalio ambacho mkojo unakizuia kisipone. Na mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, ikiwa mpira unampa nafuu na ndiyo matakwa yake.

Orodha ni fupi. Kumpumzisha muuguzi na kubadilisha shuka mara chache zaidi havimo.

5. Mama yangu anajikojolea kitandani. Si afadhali awekewe mpira abaki mkavu?

Swali hili linatoka kwenye upendo, na tunalisikia kuliko mengine yote. Jibu ni hapana, isipokuwa ana kidonda cha aina tuliyoitaja kwenye swali la 4. Shuka lililolowa linabadilishwa. Bakteria walioingia kwenye damu ni vita nyingine kabisa, hasa kwa mtu mzee.

Mpeleke chooni au mpe chombo kila baada ya saa mbili au tatu, bila kungoja aombe. Mtumie nepi za watu wazima, zibadilishwe mapema, na ngozi ipakwe mafuta ya kuikinga. Uliza pia kwa nini ameanza kujikojolea. Pengine kuna dawa inayomzidishia mkojo, au choo kigumu kinachokandamiza kibofu, au hawezi tu kufika chooni kwa wakati kwa sababu kitanda kiko juu na hakuna wa kumshika mkono.

6. Kuna njia gani nyingine?

Mwanamume asiyeziba mkojo anaweza kuvishwa mfuko wa nje, unaovaliwa kwenye uume kama kondomu na kuunganishwa na mrija. Hauingii ndani ya mwili. Mgonjwa ambaye kibofu chake hakijimwagi vizuri anaweza kutumia mpira wa kuweka na kutoa: unapitishwa, kibofu kinamwagwa, unatolewa papo hapo, mara kadhaa kwa siku. Kwa anayeuhitaji kwa muda mrefu, daktari anaweza kupendekeza mpira unaopita kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu.

Kabla ya kumwekea mtu mpira kwa kudhani kibofu kimejaa, kipimo cha ultrasaundi cha kibofu huonyesha ndani ya dakika moja kuna mkojo kiasi gani. Palipo na mashine hiyo, itumike.

7. Inakuwaje mpira unasahaulika ndani ya mtu?

Inatokea kirahisi kuliko unavyodhani. Mpira huwekwa chumba cha dharura usiku, mgonjwa hupandishwa wodini asubuhi, timu hubadilika, na mpira uko chini ya shuka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwauliza madaktari ni wagonjwa wao gani wana mpira. Katika asilimia 28 ya majibu daktari hakujua kwamba mgonjwa wake anao, na mipira isiyohitajika ndiyo iliyosahaulika zaidi.

Mimi ni muuguzi, na nimewahi kumpokea mzee ambaye mpira wake ulikuwa na siku 11 na hakuna aliyeweza kuniambia uliwekwa kwa nini. Nilisoma faili lote. Sababu haikuandikwa popote. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloandika kwa kila mpira ni tarehe, saa na sababu.

Dawa ya usahaulifu ni utaratibu: kikumbusho cha kila siku kwenye faili, agizo la mpira lenye tarehe ya mwisho, na ruhusa kwa muuguzi kuutoa sababu inapoisha bila kumsubiri daktari. Tafiti zilizounganishwa pamoja zimeonyesha kwamba vikumbusho na maagizo ya namna hii hupunguza maambukizi kwa karibu nusu. Mpango mwingine uliofanyika katika hospitali 603 za Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, uliyapunguza kwa asilimia 32 kwenye wodi za kawaida.

8. Mimi ni ndugu tu. Naweza kuuliza bila kuonekana ninawafundisha kazi?

Unaweza, na unatusaidia. Wakati wa raundi sema hivi: "Daktari, samahani, mpira wa mzee bado unahitajika leo?" Swali hilo linatosha. Ukiambiwa ndiyo, uliza ni kwa sababu gani na unatarajiwa kutolewa lini. Kesho yake uliza tena. Jibu ulilopewa ni la siku hiyo tu.

## Wakati wa kuuweka

9. Nani anapaswa kuuweka, na nini kionekane?

Mtu aliyefunzwa, aliyenawa mikono, mwenye glavu zisizo na vijidudu, kitambaa cha kutandika, dawa au maji ya kusafishia tundu la mkojo, na jeli ya kulainisha ya pakiti ya matumizi ya mara moja. Mpira ukigusa shuka au paja kabla ya kuingia, unatupwa na kufunguliwa mwingine. Kwa mwanamke, ukiingia ukeni kwa makosa, mara nyingi huachwa pale kama alama na kufunguliwa mpya. Usitolewe ukarudiwa kutumika.

Mpira uwe mwembamba kadiri inavyowezekana ilimradi mkojo upite. Kwa watu wazima wengi saizi ya 14 au 16 inatosha. Ukishaingia, ufungwe kwenye paja kwa kishikizo au plasta ili usivutwe vutwe, kwa sababu kila mvuto huchubua na kuwasogeza bakteria ndani.

10. Ile mipira iliyopakwa madini ya fedha au dawa inazuia maambukizi?

Kwa matumizi ya muda mfupi, faida yake ni ndogo mno kuifanya iwe ya kawaida kwa kila mgonjwa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 24 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 ulifikia uamuzi huo. Mpira wa kawaida unaotolewa mapema unamfaa mgonjwa zaidi. Mwenye mzio wa lateksi aseme mapema, apewe wa silikoni.

## Utunzaji wa kila siku

11. Mfuko uwekwe wapi?

Daima chini ya kiwango cha kibofu, umetundikwa kwenye fremu ya kitanda, bila kugusa sakafu. Mkojo uliokwisha kushuka haupaswi kurudi kibofuni. Kosa kubwa hutokea mgonjwa anaposukumwa kwenda eksirei au kipimo kingine: mtu anauweka mfuko juu ya tumbo ili usiburute. Mkojo wote wa mrijani unarudi ndani. Umwageni kabla ya safari, kisha utundikwe ubavuni mwa machela.

Angalia pia mrija haujakunjika na mgonjwa hajaulalia. Mkojo uliotuama ni shamba la bakteria.

12. Tunamwogeshaje? Tupake dawa ya kuua vijidudu kila siku?

Hapana. Sabuni na maji wakati wa kuoga vinatosha, na tena baada ya haja kubwa. Kupaka dawa kali kila siku hakujaonyesha faida na kunaweza kuichoma ngozi. Mwanamke asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa, govi livutwe taratibu, pasafishwe, kisha lirudishwe mahali pake, kwani likiachwa nyuma huvimba na kukaba. Mpira wenyewe ufutwe kuanzia karibu na mwili kwenda nje. Poda na losheni visipakwe hapo.

13. Na kuumwaga mfuko?

Kabla haujajaa, ukifika theluthi mbili hivi, na angalau mara moja kila zamu. Nawa mikono, vaa glavu, fungua bomba la chini, na mdomo wa bomba usiguse chombo. Ufute kwa spiriti na kuufunga. Vua glavu, nawa tena.

Kila mgonjwa awe na chombo chake. Chombo kimoja kinachozungushwa vitanda vyote kinahamisha bakteria sugu kutoka kwa mtu hadi mtu, hata kama kila mfuko ni mpya.

14. Mpira ubadilishwe kila wiki?

Hakuna haja ya kubadilisha kwa kalenda katika muda mfupi wa kulazwa, kwani kila kubadilisha ni kuingiza upya. Unabadilishwa ukiziba, ukivuja, ukichafuka, au kukiwa na maambukizi. Mrija ukichomoka kwenye kiungo chake, usirudishwe tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwite muuguzi, kwa kuwa mfumo uliofunguka unatakiwa kubadilishwa kwa usafi kamili. Kwa mipira ya muda mrefu fuata muda wa mtengenezaji. Ya silikoni kwa kawaida haizidi wiki 12.

15. Kwa nini hawampi antibayotiki za kinga, au kukiosha kibofu kwa dawa?

Kwa sababu antibayotiki za kinga huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Maambukizi yakija baadaye, dawa za kawaida hazitafanya kazi. Kuosha kibofu nako kunahitaji kufungua mfumo, na hapo mlango umefunguka. Huoshwa pale tu panapotarajiwa kuziba, mfano mabonge ya damu baada ya upasuaji wa tezi dume, tena kwa mpira maalumu wenye njia tatu usiohitaji kufunguliwa.

16. Anywe maji mengi?

Kama daktari hajampunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo, ndiyo, anywe vizuri. Mkojo uwe wa rangi ya njano hafifu.

## Dalili na vipimo

17. Mkojo umekuwa na ukungu na unanuka. Si ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)?

Peke yake, hapana. Mkojo wa mwenye mpira hubadilika kwa ajili ya chakula, dawa, upungufu wa maji, au bakteria wanaokaa tu bila kumdhuru. Ukiupeleka maabara kwa sababu ya harufu, karibu hakika watapatikana bakteria, na mgonjwa ataanzishiwa dawa asizozihitaji.

Tazama mgonjwa kabla ya mfuko. Dalili zinazotutisha ni homa ya zaidi ya nyuzi 38, kutetemeka kwa baridi, maumivu chini ya kitovu au mgongoni usawa wa figo, damu mpya kwenye mkojo, na kuchanganyikiwa kwa ghafla kusiko na sababu nyingine. Akiwa anapumua haraka, presha imeshuka au amelegea, usisubiri raundi. Ita mtu sasa hivi. Mpira ukiwa umetolewa juzi na mtu akaanza kuungua anapokojoa au kubanwa mara kwa mara, aseme pia.

18. Mkojo wa kupima unachukuliwa wapi?

Kwenye kituo maalumu cha mrija (sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchukulia sampuli), baada ya kukisafisha kwa spiriti, kwa bomba la sindano lisilo na vijidudu. Kamwe si kutoka kwenye mfuko, ambako bakteria wameshazaliana kwa saa nyingi. Mpira ukiwa umekaa zaidi ya wiki 2 na bado unahitajika, uwekwe mpya kwanza, kisha mkojo uchukuliwe kwenye huo mpya. Wa zamani utaonyesha wakazi wa utando wake (swali la 2), ambao huenda si wanaomuumiza mgonjwa. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.

19. Majibu yanaonyesha bakteria lakini hana dalili. Mbona hatibiwi?

Kwa sababu dawa haitamfaidi, na inaweza kumdhuru. Wapo wanaotibiwa hata bila dalili: mjamzito, na anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo utakaotoa damu.

## Kuutoa

20. Ni lazima mpira ubanwe kwa saa kadhaa kwanza ili "kufundisha" kibofu?

Si lazima. Ni desturi ya muda mrefu, lakini haisaidii wagonjwa wengi, na inachelewesha. Sababu ikiisha, utolewe.

21. Baada ya kutolewa tutegemee nini?

Mwasho kidogo kwenye mkojo wa mara ya kwanza na ya pili ni wa kawaida. Anatakiwa akojoe ndani ya saa 4 hadi 6. Akishindwa, au akitoa matone huku tumbo la chini likiwa gumu, apimwe kwa ultrasaundi. Kibofu kikiwa kimejaa, mara nyingi hutosha kukimwaga mara moja (swali la 6) kuliko kumrudishia mpira wa kukaa ndani. Mkalishe au msimamishe akikojoa, mpe faragha. Wanaume wengi hawawezi kukojoa wakiwa wamelala huku watu wanawatazama.

## Hali zisizo za kawaida

22. Mgonjwa amechanganyikiwa na ameung'oa mpira na kiputo kikiwa kimejaa.

Mwite muuguzi mara moja, bana mahali panapovuja damu kwa kitambaa safi, na uutunze mpira ili waone kama umetoka mzima. Usikubali urudishwe haraka kabla daktari hajaangalia jeraha. Kisha swali la 4 liulizwe upya, kwa sababu anayeuvuta mpira ana maumivu, mkanganyiko wa akili au vyote viwili, na huenda mpira ndio unaomchanganya.

23. Mkojo unavuja pembeni ya mpira. Waweke mnene zaidi?

Mara nyingi mpira mnene huzidisha tatizo. Angalia mrija umekunjika wapi, kama amekosa choo siku kadhaa, kama kibofu kinabana kwa mishtuko. Mpira unaoziba mara kwa mara kwa chembe kama mchanga huashiria bakteria aina ya *Proteus*, wanaofanya chumvi za mkojo zigande juu ya mpira. Huyo achunguzwe pia mawe ya kibofu.

24. Mfuko umegeuka zambarau!

Inatisha macho, lakini kwa kawaida rangi yenyewe haina madhara. Bakteria fulani hubadilisha mabaki ya chakula yaliyopita kwenye mkojo kuwa rangi inayoshika plastiki ya mfuko, hasa kwa wazee wenye mpira wa muda mrefu na choo kigumu. Atibiwe choo, mpira na mfuko vibadilishwe, na atazamwe dalili za swali la 17.

25. Ameumia uti wa mgongo. Kuna la ziada?

Lipo, na ni la haraka. Aliyeumia sehemu ya juu ya kifua au shingo, mrija ukiziba au kukunjika, anaweza kupata kichwa kuuma ghafla, jasho na uso mwekundu huku presha ikipanda sana. Muinue akae, nyoosha mrija, ita msaada huku ukifanya hivyo. Huyu pia hana hisia za kawaida za maambukizi, kwa hiyo misuli kukakamaa kuliko kawaida au kujisikia vibaya tu ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito.

26. Anaruhusiwa kurudi nyumbani na mpira. Tudai nini?

Karatasi yenye mambo haya: uliwekwa lini, kwa nini, saizi gani, kiputo kina mililita ngapi, na tarehe ya kuutoa au ya kujaribu kuutoa pamoja na jina la kliniki. Muuguzi akuonyeshe kuumwaga mfuko, nawe umwonyeshe ukifanya mwenyewe kabla hamjaondoka. Pasipo tarehe ya kuutoa, msitoke wodini kabla haijaandikwa.